Kumkosoa unayemwongoza wakati hasira bado iko kifuani: mwongozo kamili

Swali huja kwa sura ileile kila mara: "Nimwambieje?" Ripoti imechelewa, hesabu zimekosewa, mteja ameshaziona, na msimamizi wa timu anatafuta maneno. Ukimpa maneno mazuri anakwenda nayo, kisha baada ya siku mbili anarudi amechoka: "Nilisema vilevile ulivyoniambia, na bado kijana amenuna."

Maneno hayakuwa na kosa. Aliyasema huku uso umekunjamana, sauti imebana, na hukumu ameshaitoa moyoni. Anayekosolewa huyasoma hayo yote kabla ya sentensi ya kwanza kumalizika. Kwenye mwongozo huu maneno ni hatua ya 5, na wengi wanaoshindwa huwa wameanzia hapo hapo.

Jambo moja kabla hatujaanza. Mwongozo huu unategemea "akili ya hisia", na watu wakiisikia hudhani ni upole. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia walioielezea mwaka 1990, walizungumzia uwezo: kufuatilia hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia kama taarifa ya kuongoza fikra na matendo. Upole haumo. Bosi anayetabasamu huku makosa yakirundikana ameanguka mtihani huuhuu, ila ameanguka kimyakimya.

## Utakachohitaji

Daftari na kalamu. Usitumie simu. Simu ina kitufe cha kutuma, na mtu mwenye hasira hapaswi kuwa karibu na kitufe cha kutuma.

Saa. Ya kuhesabia dakika na mapigo ya moyo.

Kosa lenyewe mkononi. Ripoti, barua pepe, tarehe mliyokubaliana. Usitegemee kumbukumbu, maana kumbukumbu ya mtu aliyekasirika huchagua upande.

Chumba chenye mlango. Kama hakuna, basi mahali ambapo mtu wa tatu hawezi kusikia.

Usingizi. Hili hudharauliwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha waliolala na waliokesha usiku mzima. Walipoonyeshwa picha za kuudhi, amigdala (sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari) ya waliokesha iliwaka kwa takriban asilimia 60 zaidi. Kwa hiyo kama hukulala na jambo linaweza kungoja hadi kesho, lingoje.

Muda. Nusu saa ya kujiandaa, nusu saa ya kuzungumza. Ukiwa na dakika 5 tu, usianze.

## Hatua ya 1: Ushushe mwili kwanza

Kosa limekufikia. Moyo unadunda, mabega yamepanda, vidole viko tayari kuandika. Usimwite mtu, usiandike kitu.

Pima mapigo: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa wakigombana huku vipimo vikiwa mwilini mwao, aliona kwamba mapigo yakipita takriban 100 kwa dakika mtu huacha kusikiliza. Anasikia sauti, lakini hoja haziingii. Ushauri wake ni kupumzika angalau dakika 20, kwa kuwa homoni za mshtuko huchukua muda kuondoka kwenye damu. Ninyi si wanandoa, lakini miili ni ileile.

Wakati unangoja, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6 au 8. Pumzi inapotoka, mshipa wa fahamu uendao moyoni hupunguza kasi ya mapigo, na ndiyo maana kuitoa kunapaswa kuwe kurefu kuliko kuivuta. Rudia mara kumi hivi.

Onyo: dakika hizo 20 si za kwenda meza ya jirani na kusema "hebu ona huyu alichonifanyia." Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliochokozwa walipewa begi la ngumi walipige wakimfikiria aliyewachokoza. Walitoka na hasira zaidi kuliko wale walioketi kimya. Kutapika hasira hakuimalizi, huipa mazoezi. Wahenga walishamwona mkizi akiruka kwa ghadhabu na kutua ndani ya mtumbwi, wakasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi.

Utajua umefaulu ukiweza kuisoma ile barua pepe mwanzo hadi mwisho bila kuijibu kichwani kila mstari.

Kuna hali moja tu ambapo unaruka hatua hii: mtu yuko karibu kuumia. Hapo piga kelele, pumzi utahesabu baadaye.

## Hatua ya 2: Ipe hisia jina lake halisi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na nitakaa nayo.

Kila msimamizi niliyewahi kumuuliza anajisikiaje amejibu "nina hasira." Hasira ni kapu. Ndani yake mna kukereka, kuudhika, hamaki, ghadhabu, kinyongo, uchungu. Mara nyingi chini kabisa ya kapu mna kitu ambacho si hasira hata kidogo: woga, aibu, wivu, kujiona umedharauliwa. Lugha yetu imetupa maneno ya kutosha, sisi ndio wavivu wa kuyatumia.

Jina halisi lina kazi mbili. Kwanza, linatuliza. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipotakiwa kuchagua neno la kutaja hisia waliyoiona, amigdala ilipoa. Pili, jina hukuonyesha mazungumzo yanayotakiwa. Kinyongo cha mwezi uliopita kinahitaji mazungumzo mengine kabisa, si haya ya ripoti.

Fanya hivi. Andika "Nina..." kisha neno la kwanza linalokuja. Chini yake andika "kwa sababu..." Endelea kushuka hadi sentensi ikuume kidogo. Ukurasa wa msimamizi mmoja unaweza kusomeka hivi:

*Nina hasira kwa sababu ripoti imekosewa.*
*Imekosewa mara ngapi? Hii ni ya kwanza.*
*Basi kwa nini nawaka hivi? Kwa sababu mteja ndiye aliyeona.*
*Na mteja akiona? Nitaonekana sijui kazi.*
*Nina aibu.*
*Na ile ripoti niliipitisha mimi bila kuisoma.*

Tazama mstari wa mwisho. Dakika kumi kabla alikuwa anakwenda kumshukia kijana kwa uzembe, sasa amegundua kwamba uzembe una sahihi mbili. Kosa la kijana liko palepale na litazungumzwa. Lakini ukali wote ule haukuwa wake, na sehemu kubwa ingemwangukia kwa deni la mtu mwingine.

Onyo: usichanganye kuitaja hisia na kuificha. Tafiti za James Gross na Robert Levenson za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba anayezuia hisia isionekane usoni anaficha uso tu, mwili unaendelea kuchemka. Utafiti mwingine, wa mwaka 2003, uliona hata shinikizo la damu la anayezungumza na mtu kama huyo likipanda. Ndiyo maana tabasamu la kubandika huwatisha wafanyakazi kuliko bosi anayesema wazi, kwa sauti ya kawaida, "hili limeniudhi."

## Hatua ya 3: Tenga ulichokiona na ulichokisia

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika yale ambayo kamera ingeyanasa, na upande wa kulia yale uliyoyaongeza mwenyewe.

Kushoto: *Ripoti imefika saa 5 asubuhi, tulikubaliana saa 2. Ukurasa wa 4, jumla haikulingana na jedwali.*

Kulia: *Hajali. Amezoea kudekezwa. Anajua nitarekebisha mwenyewe.*

Upande wa kulia ndio unaokuchemsha, na ndio usio na ushahidi. Mwanasaikolojia Lee Ross aliuelezea mwelekeo huu mwaka 1977: mwenzetu akikosea tunalaumu tabia yake, na tunasahau hali aliyokuwa nayo. Sisi tukichelewa, foleni ilikuwa ndefu. Yeye akichelewa, ni mvivu.

Maneno "kila siku" na "kamwe" yakitokea upande wa kushoto, yahamishe. Kamera haina kila siku. Ina Jumatatu na Alhamisi.

Upande wa kushoto ukibaki mtupu, huna cha kumkosoa, una kisirani tu. Funga daftari, rudi kazini.

## Hatua ya 4: Andika sababu tatu ambazo si uvivu

Tatu, haraka, bila kuzipamba. Labda takwimu zilimfikia kwa kuchelewa. Labda hakuelewa jedwali na aliona haya kuuliza. Labda ana jambo zito nyumbani.

Huzihitaji ili uziamini. Unazihitaji ili uingie chumbani ukiwa na swali badala ya hukumu, maana swali la mtu aliyekwisha kuhukumu hujulikana kwa sauti yake. Wala usizitumie kumfasiria mwenzako hisia zake. "Najua ulikuwa umechoka" ni kisio lililovaa nguo za huruma, na likikosea unaonekana humjui kabisa.

## Hatua ya 5: Mazungumzo yenyewe

Ana kwa ana. Mkiwa mbali, piga simu. Usiandike. Justin Kruger na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliona kwamba walioandika barua pepe waliamini msomaji angetambua wapi wanatania na wapi hawatanii, kumbe wasomaji walipatia karibu sawa na mtu anayebahatisha. Kukosoa kwa maandishi ni kumwachia mwenzako achague sauti yako, na aliye chini yako atachagua ile kali zaidi.

Mwite mapema na umwambie mada. "Naomba tuonane saa 8 mchana kuhusu ripoti ya mwezi" inatosha. "Nitakuona baadaye" inamharibia siku nzima.

Sentensi za kwanza zibebe vitu vinne kwa mfuatano: kilichotokea, athari yake, sehemu yako kama ipo, na swali. Kwa mfano:

"Ripoti ya mwezi ilinifikia saa 5, tulikubaliana saa 2. Ukurasa wa 4 jumla haikulingana na jedwali, na mteja ndiye aliyetuambia. Mimi niliipitisha bila kuisoma, hilo ni langu. Sasa nataka kusikia upande wako, ilikuwaje?"

Halafu nyamaza. Kabisa. Hesabu kumi moyoni. Wasimamizi wengi huuliza swali zuri kisha wanalijibu wenyewe kabla mwenzao hajameza mate.

Jibu la kwanza karibu kila mara litakuwa: "Samahani bosi, haitatokea tena."

Usilipokee kama mwisho. Hilo si jibu, ni mlango unaofungwa kwa adabu. Mtu anaomba atoke chumbani. Endelea kwa upole, bila kulegeza:

"Samahani nimeipokea. Ila bado sijaelewa. Hebu tuanze jana jioni, ulipofungua faili."

Na hapo ndipo mambo hutoka. Takwimu zilikuja kwenye mafaili mawili tofauti, yote yakiitwa ya mwisho. Hakujua ni lipi sahihi. "Kwa nini hukuniuliza?" Anaangalia meza. "Nilikuja mara mbili, bosi. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye simu. Mara ya pili ulikuwa na moto."

Sentensi hiyo ndiyo uliyoifuata chumbani, hata kama hukujua. Ukijitetea hapa, kila kitu kimeharibika na hutaisikia tena. Jibu moja tu linafaa: "Ahsante kwa kuniambia."

Vitu vitatu vya kuepuka chumbani:

- Kuifunika lawama kwa sifa juu na chini. Mtu akishazoea, kila ukimsifu atangoja kofi.
- Kumlinganisha na mwenzake. Unafungua ugomvi wa pili kabla wa kwanza haujaisha.
- Kuleta kesi za zamani. Kosa la miezi mitatu iliyopita ambalo hukulisema lilishakuwa lako.

Akilia, sukuma maji au kitambaa, ngoja, kisha muulize kama mwendelee sasa au baadaye. Usilifute jambo kwa sababu ya machozi. Akipandwa na hasira, usishindane naye kwa sauti. Shusha yako. Ikipanda zaidi, mpe zile dakika 20 ulizojipa mwenyewe, na mtajie saa ya kurudi.

## Hatua ya 6: Kubalianeni jambo moja, kisha rudi kuliangalia

Jambo moja. Orodha ya marekebisho saba ni adhabu, na hakuna anayeitekeleza. Kwa mfano huu: faili likija mara mbili, anapiga simu kabla ya kuanza kuandika, hata kama bosi ana moto. Nani, nini, kuanzia lini. Muandike wote wawili.

Weka siku ya kurudi, wiki mbili zinatosha. Siku hiyo ikifika, rudi kweli. Ukisahau, umemfundisha kwamba ilikuwa hasira ya siku moja.

Kipimo cha mafanikio si yeye kukupenda, wala ofisi kuwa kimya. Nilijifunza hili kwa gharama. Zamani nikiwa naongoza timu ndogo, nilimfokea mwenzetu mmoja kikaoni mbele ya wote kwa kosa la hesabu. Baada ya hapo vikao vikawa vifupi, hakuna ubishi, nami nikaona nimerudisha nidhamu. Wiki tatu baadaye tukagundua kosa kubwa kuliko lile. Watu watatu walikuwa wanalijua tangu mwanzo. Hakuna aliyeniambia, na nilipowauliza kwa nini, walitazamana.

Amy Edmondson alikutana na kitu hicho hicho kwenye wodi za hospitali miaka ya 1990, akichunguza makosa ya utoaji dawa. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba, akaona maelezo yanayoingia akilini, kwamba kwenye timu hizo watu hawakuogopa kuyasema. Nyingine zilikuwa zinayafukia.

Kwa hiyo pima hivi: habari mbaya inakufikia mapema au kwa kuchelewa kuliko mwezi uliopita? Ikianza kuja mapema, hata kama inakuja kwa wingi na inakuudhi, umefaulu. Na atakapokuletea ya kwanza, ulinde uso wako kwa sekunde tatu za mwanzo. Anaziangalia hizo.

## Pale usipopaswa kuutumia mwongozo huu

Wizi, unyanyasaji, vipigo, vitisho. Haya yana taratibu zake za kazi na sheria, na kuyageuza mazungumzo ya kuelewana ni kumwacha aliyeumizwa peke yake. Vilevile usiutumie kumlainisha mtu akubali mzigo usio wa haki. Atagundua, na kuanzia siku hiyo kila swali lako la "ilikuwaje?" litasikika kama mtego.

## Kama umeshalipuka

Inatokea, hata kwa anayejua hatua zote. Usikae siku tatu ukitegemea yasahaulike. Tulia kwanza kama hatua ya 1, kisha uende.

Uliyemfokea mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu walewale. Kumfokea kikaoni na kumwomba radhi koridoni ni kulipa nusu ya deni. Taja ulichofanya, si ulichokusudia: "Jana nilipaza sauti na nikakuita mzembe mbele ya wenzako. Sikupaswa. Samahani." Ishia hapo. Neno "lakini" likiingia, kila kilichotangulia kinafutika, na kosa lake la hesabu linaweza kungoja kikao chake.

Atakuambia "hamna shida, bosi." Usichukue hilo kuwa risiti. Angalia wiki ijayo kama atagonga mlango kuuliza jambo asilolijua. Asipogonga, mfuate wewe mezani kwake na swali dogo la kazi, ambalo kweli huna jibu lake.